Mururue: Mzizi wa Homa Kati ya Msitu wa Ngong, Kibera na Maabara za Nairobi

Miongoni mwa mimea ambayo wakazi wa nyanda za juu za Kenya wameitumia kushusha homa na kumtuliza mgonjwa anayetetemeka, upo mmoja ambao Wakikuyu huuita mururue, Wamaasai oleparmunyo, na baadhi ya watu wa pwani mdakakomba, nao wanabotania wameuandikisha kwa jina la Toddalia asiatica. Mmea huu umepimwa mara nyingi kuliko mimea mingi ya jamii yake, na waliopima hawakuwa watu wa aina moja wala hawakuwa na swali moja, kwa kuwa mzee wa kijiji, tabibu wa Ulaya wa karne ya 17, mkemia wa miaka ya 1990 na mwanafiziolojia wa miaka ya 2010 kila mmoja aliutaka mzizi uleule umthibitishie jambo tofauti. Sehemu ya historia hiyo inapita magharibi mwa Nairobi, katika ardhi inayoanzia Kawangware na kushuka hadi Kibera, ambako kijiji cha Raila, jirani wa Gatwekera na Soweto West, kimekuwa mojawapo ya mahali ambapo dawa za msituni na dawa za dukani hukutana katika nyumba moja. Kinachodaiwa hapa ni kwamba maabara, zilipoupokea mururue, hazikulijibu kwanza swali ambalo wazee walikuwa wamelijibu kwa njia yao. Zililiweka kando, zikashughulika na swali jingine, na zikalirudia lile la awali baada ya miaka mingi.

Ardhi yenyewe inaeleza mengi. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwezi Mei 1899, upande wa magharibi wa kituo hicho kipya ulikuwa na misitu mikubwa iliyounganika hadi miinuko ya Ngong na Dagoretti, na msitu ndio ulioipa Kibera jina lake katika lugha ya Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles na ambao walianza kupewa makazi hapo katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza Kibera kuwa eneo la jeshi. Kawangware, kwa upande wake, ilikuwa sehemu ya Dagoretti, nchi ya Wakikuyu, nayo haikuingizwa ndani ya mipaka ya jiji hadi 1963. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mahali hapa pawili, ambapo leo mtu anaweza kutoka mahali pamoja na kufika pengine kwa miguu, palikuwa chini ya tawala mbili: mahali pamoja pakitawaliwa kwa taratibu za jeshi, pengine kwa taratibu za hifadhi ya wenyeji, na kila upande ukiwa na waganga wake. Msitu uliobaki kati ya barabara ya Ngong na Lang'ata ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, na eneo lake la wakati huo limekwisha kumegwa kiasi kwamba kilichosalia ni chini ya nusu.

Tangu miaka ya 1960 na kuendelea, watu kutoka magharibi mwa Kenya, hasa kutoka bonde la Ziwa Victoria, walihamia Kibera kwa wingi wakitafuta kazi za viwandani na za majumbani, wakaja na dawa zao na namna zao za kuzitumia. Raila, kijiji kilichopewa jina la Raila Odinga aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, ni tunda la uhamiaji huo. Hivyo mganga wa Kikuyu wa Kawangware, muuzaji wa Kimaasai anayetandika magome na mizizi kando ya barabara, na mama wa Kijaluo aliyeletewa kifurushi na jamaa zake wa mashambani, wanaweza kuwa wanazungumzia mmea mmoja kwa majina matatu bila kujua.

Mururue si mti wa kusimama peke yake. Ni mtambazi mgumu unaopanda juu ya miti mingine kwa miiba iliyopinda kama ndoana, na shina lake likizeeka huota vinundu vya gome laini vyenye mwiba kileleni, alama ambayo wachimbaji huitumia kuutambua hata ukiwa hauna majani. Majani yake hukaa matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, nayo yakifikichwa hutoa harufu ya ndimu, jambo lisiloshangaza kwa kuwa mmea huu ni wa ukoo wa michungwa na milimau. Matunda yake ni madogo, ya rangi ya machungwa, yenye ukali unaochoma ulimi, na watu huyatafuna kwa kikohozi. Dawa yenye sifa kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika gome la mzizi, ambalo ndani yake ni la manjano na lenye uchungu.

Mzizi huo ulikwisha kuvuka bahari kabla ya Nairobi kuwapo. Katika karne ya 17 ulifika Ulaya ukiitwa mzizi wa Lopez, kwa jina la Mreno Juan Lopez Pigneiro anayesemekana kuupata katika pwani ya mashariki ya Afrika. Tabibu wa Kiitalia Francesco Redi aliutaja mwaka 1671, na miaka 100 hivi baadaye Gaubius, mwalimu wa tiba katika mji wa Leiden huko Uholanzi, aliwapa wagonjwa wake wa kuhara. Nchini India, ambako mmea uleule huota porini, waganga wa kienyeji waliutumia kwa homa. Wazungu waliufurahia kwa muda, wakaupandisha bei, kisha wakausahau pale dawa nyingine zilipopatikana kwa urahisi zaidi.

Wazee wa nyanda za juu nao walikuwa na vipimo vyao, na si haki kuvidharau kwa sababu tu havikuandikwa. Mgonjwa wa homa alinyweshwa maji ya mzizi uliochemshwa, mara nyingine ndani ya supu ya nyama kwa Wamaasai, au alifunikwa blanketi juu ya chungu cha majani yanayofuka mvuke, yaani alijifukiza. Kisha waliokuwa wakimuuguza waliangalia kama ametoka jasho, kama mwili umepoa kwa mguso wa kiganja, kama maumivu ya kichwa na viungo yamelegea, kama amepata usingizi na akaamka akiomba chakula. Vipimo hivi vilimtazama mtu mzima kwa pamoja, wala havikutenganisha joto na maumivu, wala maumivu na wasiwasi, na ndiyo maana dawa moja iliweza kusifiwa kwa kushusha homa na kwa kutuliza bila mtu kuona kwamba hayo ni mambo mawili. Udhaifu wake ni kwamba homa nyingi hupungua zenyewe baada ya siku chache, na hakuna aliyekuwa akiweka kando kundi la wagonjwa wasionyweshwa kitu ili kulinganisha. Hata hivyo tabibu wa Leiden hakufanya hivyo pia.

Utawala wa kikoloni haukusaidia kuyapima maarifa haya. Sheria ya Uchawi ya 1925, iliyokusudiwa kuzuia ramli na uaguzi, iliwafanya waganga wa mizizi waishi kwa tahadhari, kwani askari au karani wa mahakama hakuwa na hamu ya kumtofautisha mtu anayechemsha gome na mtu anayepiga ramli. Wanabotania wa serikali waliorodhesha miti kwa ajili ya mbao na misitu, wakataja matumizi ya dawa kwa mstari mmoja au miwili. Ni baada ya uhuru ndipo kazi hii ilipopata mwenyewe: mwaka 1976 Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambamo majina ya kienyeji, sehemu za mmea zinazotumika na maradhi yanayotibiwa yaliwekwa pamoja na majina ya kisayansi, hata mtafiti wa maabara akaweza kujua kwamba mzizi wa soko la Nairobi na mzizi wa Pokot ni mmoja. Tanzania ilikwisha kutangulia kwa kuanzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili huko Muhimbili mwaka 1974. Kenya iliunda Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, mwaka 1979, makao yake yakiwa kando ya barabara ya Mbagathi, upande wa mashariki wa Kibera, na katika taasisi hiyo kikapatikana kituo cha kuchunguza dawa za asili.

Hapa ndipo swali lilipobadilika. Mwaka 1995 kundi la watafiti wa Kenya na Uingereza lilitangaza kwamba limeuchambua mzizi wa mururue, ambao Wapokot huutumia kwa homa, likatenga humo alkaloidi iitwayo nitidini. Alkaloidi ni kemikali chungu zenye naitrojeni ambazo mimea hujitengenezea, na ambazo mara nyingi hugusa mishipa ya fahamu au seli za wanyama. Kwinini na mofini ni za kundi hilo. Nitidini iliwekwa katika vibakuli vya maabara vyenye chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea vya malaria, ikaviua kwa kiasi kidogo sana, vikiwamo vimelea ambavyo klorokwini ilikuwa imeshindwa kuviua. Mwaka 2000 watafiti wengine walitenga katika mzizi huohuo kemikali nyingine ya kundi la kumarini yenye uwezo kama huo, safari hii wakiongozwa na matumizi ya Wamaasai. Mwaka uliofuata kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na washirika wake wa Ubelgiji ilithibitisha uwezo wa namna hiyo katika mimea mingine miwili inayopendwa na waganga wa Kenya, Ajuga remota na Caesalpinia volkensii.

Sababu ya kukimbilia malaria inaeleweka. Klorokwini ilikuwa inashindwa kote Afrika Mashariki, na Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998, ikaingia katika dawa za salfa ambazo nazo hazikudumu, hadi mwaka 2006 dawa mchanganyiko zenye artemisinini zilipoanza kutolewa katika vituo vya afya. Artemisinini yenyewe ilitoka katika mmea wa homa wa Kichina, na Tu Youyou aliyeitenga alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kila maabara ya Afrika ilikuwa na haki ya kutumaini bahati kama hiyo. Lakini tazama kilichotokea: Wapokot walisema homa, maabara zikasikia malaria. Kuua kimelea katika kibakuli ni jambo moja, kumpoza mtu anayechemka ni jambo jingine, na alkaloidi za jamii ya nitidini zinajulikana kudhuru seli za wanyama vilevile, kwa hiyo nguvu iliyoonekana katika kibakuli ilikuja pamoja na onyo.

Ili kupima kama mmea unashusha joto ilibidi kwanza joto lenyewe liwe namba, na hilo ni jambo la juzi katika historia ya tiba. Mwaka 1868 Carl Wunderlich wa Leipzig, baada ya kupima wagonjwa takriban 25,000 kwa kipimajoto, alifundisha madaktari wa Ulaya kuisoma homa kama mstari unaopanda na kushuka siku hata siku. Baada ya hapo iligunduliwa kwamba joto la mwili hupangwa na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na kwamba maradhi yanapoingia mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini ambazo huiambia sehemu hiyo ipandishe kiwango. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini hizo. Aspirini nayo ina nasaba ya mti, kwa kuwa gome la mti wa Ulaya unaoota kando ya maji lilitumika kwa homa muda mrefu kabla ya kiwanda cha Bayer kutengeneza dawa hiyo mwaka 1897. Ikafuata kwamba dawa yoyote inayodaiwa kushusha homa iwekwe kando ya aspirini na ilinganishwe nayo.

Jaribio lenyewe hufanywa hivi. Panya wa maabara hupimwa joto, kisha hudungwa tapentaini au chachu ya pombe, vitu ambavyo huchochea uvimbe na kuwapandisha homa bila kuwaambukiza ugonjwa wowote. Baadhi yao hupewa maji ya mmea kwa vipimo mbalimbali, baadhi aspirini, na baadhi hawapewi kitu, kisha joto la kila mmoja huandikwa kila saa. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliipima kwa njia hii mimea kadhaa ya Kenya, mojawapo ikiwa mukawa, kichaka cha miiba chenye matunda meusi ambacho watoto wa mashambani wanakijua vizuri kuliko wanasayansi. Sifa ya jaribio hili ni kwamba linajibu kile alichokuwa akikiangalia mzee kwa kiganja chake. Kasoro yake ni kwamba halijali homa imetoka wapi.

Kutuliza ni kugumu zaidi kupima. Mwaka 2013 Kariuki na wenzake wa idara ya fiziolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha majaribio waliyowafanyia panya wadogo weupe kwa mzizi wa mururue, wakapata kwamba unapunguza maumivu na uvimbe. Mojawapo ya njia zinazotumika katika kazi ya aina hii ni kumdunga panya formalini kidogo kwenye wayo na kuhesabu muda anaotumia kuulamba: dakika chache za mwanzo huonyesha maumivu ya mshipa wenyewe, na kipindi cha baadaye huonyesha maumivu yatokanayo na uvimbe, hivyo dawa inayofanya kazi kama mofini hupunguza vyote viwili, na inayofanya kazi kama aspirini hupunguza zaidi kile cha pili. Lakini panya aliyelevywa naye halambi wayo, hata kama bado anaumia. Kwa sababu hiyo mtafiti makini humjaribu pia juu ya kijiti kinachozunguka aone kama anaanguka, humwachia katika sanduku wazi aone kama anatembea, au humpa dawa ya usingizi pamoja na mmea aone kama usingizi unarefuka, na ni baada ya hapo tu anapoweza kusema kama mmea umeondoa maumivu au umemlegeza tu mnyama. Wauguzaji wa nyumbani hukabiliwa na shaka hiyohiyo wanapomwona mtoto aliyekuwa akilia amenyamaza.

Si kwamba mimea ya kutuliza ubongo haipo. Mwaka 1952 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilitenga resapini katika mzizi wa Kihindi uliotumika kwa wenye wazimu, na ndugu wa mmea huo, mwerere wa Wakikuyu, huota kando ya mito ya Kenya. Kwa Wachaga huitwa msesewe, na gome lake hutiwa katika pombe yao ya mbege. Mururue si wa kundi hilo, na utulivu unaosifiwa unaelezwa vizuri zaidi kwa kupungua kwa maumivu na uvimbe kuliko kwa nguvu yoyote juu ya akili, hivyo mgonjwa hulala kwa sababu kilichomzuia kulala kimepungua.

Majibu haya yanapata uzito wa namna ya pekee yanaporudishwa Kibera. Nairobi ina malaria kidogo, na wengi wanaoipata wameitoa safarini, lakini mtu wa Raila akipandwa na joto huambiwa upesi kwamba ana malaria, naye hununua dawa au mizizi ya malaria. KEMRI na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walifuatilia kaya za Gatwekera na Soweto West kati ya 2007 na 2009 wakichukua damu za wenye homa na kuziotesha, yaani kuziweka katika mazingira ambamo bakteria yeyote aliyemo atakua na kuonekana. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha homa ya matumbo kwa wastani wa watu 247 kati ya kila 100,000 kwa mwaka, wakati huko Lwak, mashambani karibu na ziwa ambako malaria ni nyingi, wastani ulikuwa 29, na watoto wadogo wa Kibera ndio walioumia zaidi. Homa kuu ya kuogopwa mahali hapa, basi, hutoka katika maji na vyoo, na hakuna chochote katika majaribio ya nitidini au ya formalini kinachosema kwamba mururue unaiponya. Kinachosemwa na majaribio hayo ni kwamba unaweza kumfanya mgonjwa wa homa ya matumbo ajisikie nafuu huku bakteria wakiendelea kutoboa utumbo, na panadoli inaweza kufanya hivyo pia.

Jambo la mwisho linahusu mzizi wenyewe. Uchunguzi uliochapishwa 2008 na Jennifer Orwa na wenzake juu ya matumizi ya mururue katika bonde la Ziwa Victoria, nchi ambako asili ya wakazi wengi wa Raila ipo, ulionyesha mmea unaotegemewa sana na unaochumwa porini. Na kwa kuwa kinachotafutwa zaidi ni mzizi, kila dawa inayouzwa ina uwezekano wa kuwa mmea mzima uliokufa. Majani na matunda yana kemikali zake, na yangeweza kuchumwa bila kuua mtambazi, lakini majaribio mengi yaliyoleta sifa yalifanywa kwa mzizi, hivyo maabara zenyewe zimelisaidia jembe la mchimbaji.

Sheria ya Afya ya 2017 imeitambua tiba asilia na kuagiza isimamiwe, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya 2016 imewapa jamii haki juu ya yale wanayoyajua. Kilichobaki ni kazi ndogondogo ambazo sheria haiwezi kuzifanya yenyewe. Watafiti wa KEMRI na wa Chuo Kikuu cha Nairobi wayapime majani kwa bidii ileile waliyoupimia mzizi, tena katika vifurushi vinavyouzwa Kawangware na katika soko la Toi badala ya vile vilivyochumwa kwa uangalifu kwa ajili ya jaribio. Nao wauguzi wa zahanati za Kibera, kabla ya kuweka kipimajoto kwapani mwa mgonjwa, wamuulize bila kumkemea ni mizizi gani aliyokunywa asubuhi hiyo, kwa sababu joto watakalolisoma laweza kuwa limekwisha kushushwa, na damu yake bado inahitaji kupimwa.